KOLETI IKIYUMBA, PAMPU INAKUFA
(Maneno ya mafundi wa karakana katika mkutano wa wanachama)



Mmetutaka tueleze kwa nini shafti za pampu zinakula beringi, na kama kweli ile chaki ya koleti itupwe tununue nyingine. Jibu letu ni kwamba isitupwe kabla ya kupimwa.

Wenzetu wanaolima kando ya mto Mkondoa hapa Kilosa, na wale wa Mikumi, wakati wa kiangazi wanategemea pampu. Pampu ikisimama wiki moja, mchicha na nyanya havingoji.

Tuelewane kwanza. Kitu kikikerezwa chote bila kufunguliwa kitatoka sawa, hata kama chaki inayumba, maana kisu kinafuata mzunguko wa mashine yenyewe. Tabu inaanza tukikifungua, tukakigeuza na kukikamata upande wa pili. Hapo ncha mbili za shafti zinakuwa na vitovu viwili. Pampu inatetemeka, beringi inapata moto, maji yanavuja.

Basi kazi yenyewe ni hii:

1. Umeme uzimwe. Wakati wa kupima tunazungusha kwa mkono tu.

2. Tusafishe koleti, nati, chaki na mdomo wa spindeli. Chembe moja ya chuma iliyobanwa humo inatosha kupindisha kazi. Koleti iwe ya saizi ya chuma chenyewe, tusiilazimishe.

3. Tuweke saa ya kupimia, ile tunayoiita dayo geji. Tuanze na spindeli tupu, kisha ndani ya chaki, mwisho fimbo iliyonyooka ndani ya koleti. Palipoanza kuyumba ndipo penye ugonjwa. Saa ikicheza 0.06 mm, kitovu kimehama nusu yake, yaani 0.03 mm.

4. Tupige alama mahali pa juu, tulegeze, tugeuze koleti nusu mzunguko, tupime tena. Pa juu pakihama pamoja na koleti, koleti ni mbovu. Pakibaki palepale, koleti haina kosa, tuitazame chaki.

5. Tupime karibu na chaki, kisha mbali kidogo. Saa ikicheza sawasawa pote, chaki imekaa pembeni. Ikizidi kadiri tunavyokwenda mbali, chaki imeinama.

6. Iliyokaa pembeni: tulegeze bolti kidogo, tugonge pa juu polepole kwa nyundo ya mbao mpaka mshale utulie, tukaze bolti kwa kukingamanisha, tupime tena. Bamba la nyuma likibana sana na kukataa kusogea, ukingo wake ukerezwe kidogo. Iliyoinama haiponi kwa kugongwa. Uso wa bamba usafishwe, na ukiwa umepinda ukerezwe likiwa limefungwa kwenye mashine hiyohiyo.

7. Ikikaa sawa, tutie alama kwenye chaki na spindeli, ili ikifunguliwa irudi ilipokuwa.

Ndugu wanachama, saa tunayotumia ni ya kuazima. Tunaomba mkutano ukubali tununue saa moja na fimbo moja ya kupimia kabla ya kuzungumza habari za chaki mpya. Vijana waliosoma Chuo cha VETA Mikumi waje karakana tushirikiane nao. Na kuanzia leo mtu yeyote asigonge chaki bila saa, maana kugonga kwa kubahatisha ni kuongeza ubovu.