Kabini ya Trekta, Vumbi na Mvua

Kule Kiteto na Hanang, Oktoba ni mwezi wa vumbi. Dereva wa trekta lenye kabini hufunga mlango, akawasha feni, akajiona yu salama. Lakini usalama huo unategemea chujio la hewa, mara nyingi lililofichwa karibu na paa. Likiziba, feni haisukumi tena hewa ya kutosha kulizuia vumbi lisipenye kwenye mipira ya milango iliyochakaa. Toa chujio hilo, ulipulize kwa upepo mdogo kutoka upande msafi kwenda mchafu. Ukigeuza, unalishindilia vumbi ndani. Na hili nawaomba sana: chujio la vumbi halizuii mvuke wa viuatilifu. Siku ya kupulizia dawa, vaeni kinga hata mkiwa ndani ya kabini.

Msimu huohuo wa vumbi, rejeta nayo isafishwe makapi, injini ikiwa imepoa.

Mvua zikikaribia, jaza dizeli jioni. Tangi likilala nusu, baridi ya usiku hugeuza unyevu wa hewa iliyomo kuwa maji, nayo huharibu pampu na nozeli. Asubuhi, kabla ya kuwasha, mwaga maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli.