Mzee, Wimbo Huu Ulikukuta Wapi?

Ukitaka kuandika maisha ya mzee wako, usianze na mwaka wa kuzaliwa. Anza na wimbo. Indépendance Cha Cha, ambao Grand Kallé na bendi yake African Jazz waliurekodi Brussels mwaka 1960, unaweza kumrudisha mbali: nani alikuwa na redio, yeye alivaa nini, kahawa waliuza wapi. Nyimbo za ujana ndizo hudumu zaidi kichwani, basi mtafutie nyimbo za mwanamuziki Franco, au kwaya ya parokia yake. Wimbo ukiisha, nyamaza kwanza. Kisha uliza: “Koko, ulikuwa na nani?” Andika katika kaye maneno yake mwenyewe; lugha ya Kinande ikiingia, iache. Akikumbuka vita na kulia, zima muziki, mshike mkono, msiendelee mpaka yeye atake.