Kirangozi na Fomu Isiyo na Baiskeli
Mhadhara wa umma uliotolewa Tabora



Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora hii, mwezi Novemba. Wakasifiwa kuwa wavumbuzi. Njia ilikuwepo, nao waliongozwa. Aliyetangulia misafara ya wakati ule alikuwa kirangozi, na nyuma yake wapagazi, kila mmoja na frasila zake mbili begani, kilo thelathini na ushei, pembe za ndovu au mtumba wa nguo. Kirangozi alijua kisima kipi hukauka mapema na mtemi gani hudai hongo ya nguo ngapi. (Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa kupita, uliotolewa mchana kweupe.) Alijua pia namna ya kuivuka Mgunda Mkali, nyika ile kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, mpaka Tura. Mimi elimu hiyo naiita utafiti wa usafirishaji, ingawa hakuna aliyempa shahada.

Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa ilipita mlemle. Tura leo ni stesheni. Injini ya mvuke nayo ilikuwa na kiu kama mpagazi.

Ila kuna tofauti moja kubwa. Mpagazi akikuta bonde la mto Mkondoa limejaa maji, alipanda kilimani au alipiga kambi akangoja. Reli haiwezi. Mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata kati ya Kilosa na Gulwe, na huku bara tukabaki kuulizana treni itakuja lini. Mto ule unaleta mchanga kiasi gani kila masika? Daraja linaziba baada ya muda gani? Sasa reli mpya, SGR, yenye upana wa milimita 1,435 badala ya 1,000 za ile ya zamani, inajengwa kuja kwetu, na maswali hayo yanahitaji watu wa kukaa nayo miaka, si wa kuja na kuondoka na mkataba.

Lakini kijana wa hapa ukimwambia asomee usafirishaji, anadhani unamtafutia ukondakta. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa 1975, nacho kipo Mabibo, Dar es Salaam. Chuo cha reli kipo hapahapa mjini, mnapita mbele yake kila siku.

Niwape kisa changu. Nikiwa mwanafunzi nilitumwa kuhesabu vyombo barabarani. Fomu ilikuwa na safu ya magari madogo, mabasi, malori. Alfajiri ile zikapita baiskeli za mkaa, magunia yamefungwa kwa mpira hadi kumfunika anayezisukuma, jasho linamtiririka kwenye baridi. Kwa kuwa fomu haikuwa na safu ya baiskeli, nikaandika sifuri. Nimeionea aibu sifuri ile mpaka leo, maana barabara hupangwa kwa fomu kama ile, na asiyeandikwa hatengewi hata ukingo wa kupita.

Kesho saa 12 asubuhi nitakuwa kando ya barabara ya kwenda Kwihara na fomu mpya, safu ya baiskeli ikiwa ya kwanza. Nina kalamu za ziada. Mwenye nia aje na kofia.