Bakora Barazani



Mwaka 1856 Marekani ilikuwa katika uchaguzi mkali, vyama vikigombana juu ya utumwa. Seneta Charles Sumner alimtukana mwenziwe Butler katika hotuba. Tarehe 22 Mei, Preston Brooks, mbunge na jamaa ya Butler, akamwendea mezani pake katika Seneti, akampiga bakora hata akazimia.

Mahakama ilimtoza Brooks dola 300. Akajiuzulu, watu wake wakamrudisha barazani mwaka ule ule, wengine wakampelekea bakora mpya. Mchelea mwana kulia, hulia yeye: mwaka 1861 ugomvi ule wa utumwa ukawa vita.

Kosa la mjumbe ni la mjumbe; tukimchagua tena kwa ajili yake, limekuwa letu. Basi sisi tupigao kura yatupasa tupime mwenendo wa mtu kwanza, chama baadaye.