Mizani Haipimi Mifupa

Msikilizaji, katika wodi ya watoto njiti habari njema ya asubuhi huwa ni gramu: jana 1180, leo 1200. Lakini mtoto anaweza kunenepa huku mifupa yake ikilainika. Karibu asilimia 80 ya madini ya mifupa mtoto huyapata katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na aliyezaliwa kwa wiki 27 ameikosa karibu miezi hiyo yote. Maziwa ya mama, ambayo kwa mengine hayana mpinzani, hayana fosforasi ya kumtosha anayekua kwa kasi hiyo. Mfupa ukishadhoofika, mbavu huweza kuvunjika kwa kugeuzwa tu wakati wa kubadilishwa nepi.

Utaambiwa eksirei itaonyesha. Itaonyesha, ila kwa kuchelewa, kwa kuwa picha haibadiliki mpaka mfupa umepoteza kiasi cha asilimia 20 hadi 40 ya madini yake. Wengine hupima kalisi ya damu, wakiikuta sawa wanaridhika, na hapo ndipo penye mtego. Kalisi ikitaka kushuka, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayoichota mifupani na kuirudisha kwenye damu. Majibu mazuri ya maabara basi yanaweza kuwa yamelipiwa na mifupa. Kinachotangulia kusema ni fosfeti kushuka na kimeng'enya cha alkalaini fosfatezi kupanda. Visomwe pamoja, maana hicho cha pili hutoka kwenye ini pia. Kwa aliyezaliwa chini ya gramu 1500, nasema vipimwe kuanzia wiki ya nne na kurudiwa kila wiki moja au mbili.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu: mtoto wa kilo moja ana damu mililita 80 au 90 hivi, na kila tone lina thamani. Ni kweli, ndiyo maana sampuli ichukuliwe pamoja na ile ya wingi wa damu, asichomwe mara mbili. Wengine husema mifupa hii hujijenga yenyewe baadaye. Mingi hujijenga, naam; lakini mbavu laini humchosha katika kupumua leo, siku anayohangaika kutoka kwenye oksijeni, na dawa yenyewe ni matone ya fosfeti, kalisi na vitamini D.