Kwa Kinywa na kwa Maneno

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya maneno mawili ya Kiingereza ambayo hata Waingereza wenyewe huyachanganya, nayo ni oral na verbal. Pengine mkulima wa mpunga wa Ifakara atauliza, "Yanihusu nini mimi?" Namwomba anistahimilie kidogo, maana ndani yake limo jambo la magunia yake mwenyewe.

Maneno haya yote mawili asili yake ni Kilatini. La kwanza latokana na jina la kinywa, na la pili latokana na jina la neno. Basi oral ni jambo lililotamkwa tu kwa kinywa, wala halikuandikwa. Verbal ni jambo lililofanywa kwa maneno, yawe yametamkwa au yameandikwa. Kwa hiyo mkataba uliotiwa sahihi nao ni wa maneno. Lakini watu wengi wakisema kuwa mapatano ni verbal, hukusudia kwamba hayakuandikwa.

Sasa tuje bondeni Kilombero. Tuseme mjomba ana eka mbili za mpunga, na mpwa wake amwomba kuzilima msimu mmoja. Mjomba asema, "Lima, mwanangu, ukivuna utanipa magunia matatu." Mpwa ajibu, "Nimekubali, mjomba." Mvua zikapita, mpunga ukavunwa, na mpwa akaleta magunia matatu yaliyoshonwa sawasawa mdomoni. Mjomba akakasirika, kwa kuwa yeye alitazamia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kufungwa kwa kamba hata likawa na kilemba. Wakaenda kwa wazee, na mzee mmoja akasema, "Kosa lenu ni kutoandika."

Je, mzee huyo amesema kweli? Sivyo. Mpwa hakani kwamba alikubali magunia matatu. Kilichotamkwa kwa kinywa wote wawili wanakiri. Kinachogombewa ni maana ya neno gunia. Hata wangaliandika "magunia matatu" na kutia sahihi, shauri lingalikuwa lile lile. Lakini kama mpwa angalisema, "Tulipatana mawili," hapo ugonjwa ungalikuwa wa kinywa, na dawa yake ni kalamu na mashahidi.

Nchi yetu imekwisha kuonja ugonjwa wa pili. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, kaskazini ya bonde hili, na nchi za jirani, akiwatilisha machifu alama juu ya karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Mwezi wa Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Karatasi zilikuwapo, na alama zilikuwapo. Lakini maneno yaliyokuwa juu yake hayakuwa ya lugha ya wale waliotia alama.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania haiyakatai mapatano ya kinywa, isipokuwa pale ambapo sheria imetaka maandishi. Lakini mwenye kudai hana budi kuthibitisha. Basi kabla ya kushikana mikono, jiulizeni mambo mawili. La kwanza: nani mwingine amesikia, au imeandikwa wapi? La pili: neno hili mimi na mwenzangu twalielewa namna moja? Badala ya kusema gunia, taja kilo, mkapime kwa mizani. Na lumbesa yenyewe imekatazwa na sheria ya vipimo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba aandikaye daftari amsomee mwenzake kwa lugha aijuayo, kisha amwulize amesikia nini. Mjomba na mpwa wakifanya hivyo mwanzo wa msimu, watakula wali wa mavuno katika sinia moja.