Soya kwa Mgonjwa wa Figo: Kiasi Gani, na Badala ya Nini?



Vikundi vyetu vikienda kumwona mgonjwa hubeba unga wa uji uliochanganywa na soya. Ni jambo jema. Lakini tukisikia mgonjwa ana shida ya figo, tuweke mfuko chini kwanza tuulize.

Figo huchuja damu. Protini, yaani chakula cha kujenga mwili, ikishatumika huacha uchafu ambao figo huutoa. Zikidhoofika, uchafu unabaki. Potasiamu nayo hubaki, na ikizidi katika damu inaweza kusimamisha moyo ghafla.

Sasa soya. Gramu 100 za soya kavu zina protini karibu gramu 36 na potasiamu karibu miligramu 1,800. Mtu wa kilo 60 mwenye figo dhaifu, ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara nyingi huambiwa protini yake iwe kama gramu 48 kwa siku. Hesabuni wenyewe. Soya peke yake imemaliza robo tatu, na bado hajagusa ugali wala maziwa ya chai.

Basi soya ni sumu? Hapana, na tusipeleke habari hiyo kijijini. Hata fosforasi ya soya haiingii mwilini kwa wingi kama ile ya nyama na maziwa. Shida ni kuongeza juu ya vingine. Akila soya, iwe badala ya nyama, mayai au maharagwe ya mlo ule. Na anayesafishwa damu kwa mashine ni mambo mengine kabisa: yeye hupoteza protini kwenye mashine, kwa hiyo anahitaji zaidi. Ndiyo maana kila mmoja apimiwe kiasi chake kliniki, asiige cha jirani.

Upishi nao una maana. Loweka soya usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mengi mapya mpaka ziive kabisa, kisha mwaga tena. Ile supu tunayoipenda ndiyo imebeba potasiamu. Unga wa soya haumwagwi maji, kwa hiyo uji wake ni mzito kwake kuliko soya ya kuchemsha. Magadi ya kulainisha tusitie, nayo yana sodiamu kama chumvi. Maji ya majivu ambayo wengine wetu hutia kwenye mboga yana potasiamu nyingi. Hata chumvi ya dukani inayosifiwa ati ni ya watu wa presha, nyingine imewekwa potasiamu ndani. Someni pakiti.

Kama kikundi hakitaki kwenda mikono mitupu, kibebe mchele au unga mweupe wa mahindi, na nauli. Anayesafishwa damu husafiri mara mbili au tatu kila wiki, na wengi hukosa kwenda kwa sababu ya pesa ya matatu.